Pengo kwenye muundo wa protini: dalili, chanzo na namna ya kuliziba

Ukishusha muundo wa protini kutoka hifadhi ya PDB, usitegemee kuupata mzima. Sehemu zinazochezacheza ndani ya fuwele haziachi alama inayosomeka kwenye ramani ya elektroni, na waliotatua muundo huo kwa uaminifu wao hawakuzichora. Wewe unabaki na mnyororo unaokatika kwenye asidi amino ya 141 na kuanza tena kwenye ya 150. Kwa kutazama picha tu hakuna shida. Ukitaka kuigiza mwendo wa molekuli au kupachika dawa, shida inaanza hapo.

Mwongozo huu ni wa wanaofanya kazi hiyo Mbeya, Iringa na Njombe kwa kompyuta mpakato ya kawaida, bando la simu, na umeme ambao hauna uhakika mvua za Novemba zikishaanza. Mfano tutakaorudia ni kimeng'enya cha DHFR-TS (vimeng'enya viwili, DHFR na TS, vilivyoungana kwenye protini moja) cha Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria ambacho watu wa Kyela wanakifahamu vizuri mno. Ndicho kinacholengwa na pyrimethamine, nusu moja ya dawa ya SP (sulfadoxine-pyrimethamine). Tanzania iliiacha SP kama tiba ya kwanza mwaka 2006 na kuhamia dawa ya mseto, lakini wajawazito bado wanapewa kwa kinga, kwa hiyo mabadiliko ya ukinzani ya N51I, C59R, S108N na I164L kwenye kimeng'enya hiki (herufi ya kwanza ni asidi amino ya asili, namba ni mahali pake, herufi ya mwisho ni iliyoingia) si habari ya zamani. Kwenye PDB, muundo wenye namba 1J3I ni wa kimeng'enya kisicho na mabadiliko, na 1J3K ni wa chenye yote manne. Protini nzima ina asidi amino 608, na kipande kinachounganisha upande wa DHFR na upande wa TS hakikuonekana kikamilifu kwenye fuwele.

Jambo moja tunalisisitiza kabla ya mengine yote: makosa mengi yanayolaumiwa kwenye programu ya kujenga kitanzi (kipande cha kuziba pengo) yametokea kabla programu haijafunguliwa. Yako kwenye namba, kwenye mfuatano, na kwenye asidi amino mbili zinazolishika pengo huku na huku. Hizo mbili tutaziita nguzo.

Programu inasema hakuna kinachokosekana, na pengo unaliona kwa macho

Hii hutokea sana kwa PDBFixer, programu ya kurekebisha faili za PDB. Programu hiyo haikisii. Inalinganisha mistari ya SEQRES, yenye mfuatano wote wa protini iliyowekwa kwenye fuwele, na mistari ya ATOM, yenye kilichoonekana. Kama faili lako limepitia PyMOL, programu ya kutazama miundo, likahifadhiwa upya, au umelichuja ukabakiza mistari ya ATOM peke yake, SEQRES imeondoka na hakuna cha kulinganisha. Rudi kwenye faili la asili ulilolishusha, kisha uliza faili lenyewe:

grep "REMARK 465" 1j3i.pdb
grep "REMARK 470" 1j3i.pdb

Mistari ya 465 inataja asidi amino ambazo hazipo kabisa. Ya 470 inataja zilizopo lakini zimepungukiwa atomu, kwa kawaida za tawi la pembeni. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. La 470 linatibika kwa dakika moja. La 465 ndilo linalohitaji mwongozo huu.

Kuna chanzo kingine kinachojificha zaidi. Wakati mwingine kipande kilikatwa maabara kabla protini haijatengenezwa, ili fuwele ipatikane. Hapo hata SEQRES haina habari nacho, na REMARK 465 iko kimya. Dalili yake ni namba zinazoruka bila maelezo. Dawa yake ni kuchukua mfuatano kamili kutoka UniProt, hifadhi ya mifuatano ya protini, na kuulinganisha mwenyewe.

Kabla hujajenga chochote, tazama mnyororo B. Fuwele nyingi zina nakala mbili au zaidi za protini ileile, na kitanzi kilichopotea kwenye A kinaweza kuwa kimeonekana kwenye B kwa sababu huko kimeshikwa na jirani. Tazama pia miundo mingine ya protini hiyo hiyo. Kipande kilichoonekana mahali fulani, hata kama kinaegemea jirani, kina thamani kuliko cha kubuni.

MODELLER inasimama na kutaja read_te_290E au read_te_291E

MODELLER ni programu inayojenga modeli ya protini kutoka kiolezo, yaani muundo ambao tayari una atomu zake. Jumbe hizo mbili ni za makosa. Ya kwanza inalalamika kuwa idadi ya asidi amino kwenye ulinganisho si sawa na ile ya faili la PDB. Ya pili inalalamika kuwa idadi ni sawa lakini herufi hazifanani. Karibu kila mara chanzo ni kimoja: umebandika mfuatano kamili kwenye mstari wa kiolezo. Mstari wa kiolezo unatakiwa uwe na zile asidi amino zenye atomu tu, na vistari mahali pa zisizokuwepo. Usiuandike kwa mkono. Iache MODELLER iusome yenyewe:

from modeller import *
e = Environ()
m = Model(e, file='dhfr')
a = Alignment(e)
a.append_model(m, align_codes='dhfr')
a.write(file='dhfr.seq')

Halafu nakili mstari huo, weka vistari, na chini yake weka mfuatano kamili. Kila mfuatano uishie na nyota. Kama kuna minyororo miwili, itenganishe kwa mkwaju (/).

Sasa kosa ambalo halisimamishi programu, na ndiyo maana linaumiza zaidi. Tuseme mfuatano kamili ni KLTNSGDDKNNPSWEIYK na kilichoonekana ni KLTNS upande mmoja na WEIYK upande wa pili. Ulinganisho sahihi ni huu:

KLTNS--------WEIYK
KLTNSGDDKNNPSWEIYK

Lakini programu ya kulinganisha mifuatano haijui atomu ziko wapi. Inaona S mbili, moja kabla ya pengo na moja mwishoni mwa kipande kilichopotea, na inaweza kukupa hivi:

KLTN--------SWEIYK
KLTNSGDDKNNPSWEIYK

Kwa herufi, yote mawili yana alama sawa. Kwa atomu, la pili ni balaa: ile S iliyosimama kushoto kwa pengo imeambiwa ni ya kulia, kwa hiyo programu inajitahidi kuiunganisha na W iliyo mbali angstromu ishirini na kitu (angstromu kumi ni nanomita moja). Modeli inatoka, ujumbe wa kosa hakuna, na ndani yake kuna kifungo kilichovutwa kama mpira wa manati. Kila pengo likaguliwe kwa jicho, herufi ya mwisho kabla yake na ya kwanza baada yake, kwa kuzisoma namba zake kwenye faili la PDB.

Kitanzi kimetoka kama uzi ulionyooshwa, au hakifungi

Anza kwa kupima. Kutoka Cα moja (kaboni ya kati ya kila asidi amino) hadi inayofuata ni angstromu 3.8, kifungo cha peptidi kikiwa kimekaa kawaida. Kama zimekosekana asidi amino n, kati ya Cα za nguzo mbili kuna hatua n + 1, na mnyororo hauwezi kuvuka zaidi ya 3.8 × (n + 1). Kwenye PyMOL:

distance d, chain A and resi 141 and name CA, chain A and resi 150 and name CA

Hapa zimekosekana nane, hatua ni tisa, na kikomo ni angstromu 34.2. Ukipata 15 au 20, kitanzi kina nafasi ya kujikunja. Ukipata 33, kinawezekana kwa hesabu, ila kitakuwa kimenyooka kabisa, na protini hazipendi kukaa hivyo. Ukikosa asidi amino nne na nguzo ziko mbali angstromu 21, acha: hatua tano zinafika 19 tu, na hakuna programu itakayoufuta ukweli huo.

Fikiria barabara ya Mlima Kitonga. Ukiweka rula kwenye ramani kutoka chini ya mlima hadi juu, unapata umbali mfupi kuliko wa barabara, kwa kuwa barabara inapinda na kurudi. Barabara inaweza kuizidi rula kwa kiasi chochote, ila haiwezi kuwa fupi kuliko rula. Kitanzi kinafuata sheria hiyo hiyo, kwa hiyo hesabu ikikataa, kosa liko kwenye idadi ya asidi amino, kwenye ulinganisho, au umechukua nguzo moja kutoka mnyororo A na nyingine kutoka B.

Hesabu ikikubali na kitanzi bado kinatoka kibaya, tazama nguzo zenyewe. Asidi amino za pembeni mwa pengo ndizo waliotatua muundo walizichora kwa shida, ramani ikiwa imeanza kufifia. Linganisha B-faktari zao (kipimo cha kutotulia kwa atomu kwenye fuwele) na wastani wa protini. Zikiwa juu sana, huenda uti wa mgongo wao (mnyororo mkuu bila matawi ya pembeni) umeelekea upande usio sahihi, na ukizikaza hapo unakilazimisha kitanzi kianze safari kikiwa kimepinda vibaya. Futa moja hadi tatu kila upande, uzijenge pamoja na kitanzi. Kitanzi kinarefuka kidogo, lakini kinapata pumzi. Kwa maoni yetu hili ndilo rekebisho linaloleta faida kubwa kuliko yote, na ndilo linalofanywa kwa nadra.

Kazi imeisha vizuri, ila kilichobadilika si kitanzi chako

MODELLER inapojenga modeli huzipa asidi amino namba upya kuanzia 1. Kama faili lako linaanzia kwenye asidi amino ya 7, basi 142 hadi 149 za PDB zimekuwa 136 hadi 143 kwenye modeli. Ukiandika 142 hadi 149 kwenye skripti, umeiambia ichezee kipande kingine chenye afya, na kitanzi chako kimeachwa kama kilivyotupwa mara ya kwanza. Programu haioni kosa, kwa sababu namba ulizotaja zipo. Jenga modeli moja ya majaribio, ifungue, soma namba, ndipo uandike:

class Kitanzi(LoopModel):
    def select_loop_atoms(self):
        return Selection(self.residue_range('136:A', '143:A'))

Ukiwa na minyororo miwili kuwa mwangalifu mara mbili, maana namba za mnyororo wa pili zinaweza kuendelea pale wa kwanza ulipoishia. Mwisho wa kazi, rudisha namba za asili. Ukimpa mwenzako DHFR ambayo S108 imekuwa namba nyingine, atatafuta badiliko la ukinzani mahali pasipo pake.

Dalili ya jirani yake ni protini nzima kusogea kidogo. Hiyo hutokea ukitumia AutoModel bila kuizuia, kwa sababu yenyewe inajenga upya kila atomu. Weka select_atoms yenye masafa ya kitanzi tu. Yaliyoonekana kwenye fuwele yabaki yalivyoonekana.

Kitanzi kimepita ndani ya dawa, au ndani ya mnyororo mwingine

Programu haiwezi kukwepa kisichokuwepo. Kwa kawaida MODELLER haisomi ligandi (molekuli ndogo iliyoshikwa na protini, kama dawa) mpaka uweke e.io.hetatm = True na kuongeza nukta moja kwa kila ligandi mwishoni mwa mifuatano yote miwili. Kwenye 1J3I kuna NADPH (molekuli inayosaidia kimeng'enya kufanya kazi) na kizuizi cha WR99210 karibu kabisa na mahali pa kazi pa DHFR. Ukiviondoa ili faili liwe safi, kitanzi kitaona uwazi mzuri na kuingia humo. Vivyo hivyo kwa mnyororo wa pili: kimeng'enya hiki kinakaa wawili wawili, na ukijenga mmoja peke yake unafuta ukuta uliokuwepo.

Kuna kupita kwa aina nyingine ambako macho hayaoni haraka. Uti wa mgongo wa kitanzi unaweza kupenya katikati ya pete ya fenilalanini, tairosini, triptofani au prolini, kama uzi kwenye tundu la sindano. Ukipunguza nishati, nguvu haishuki, na baada ya hapo mwigo unalipuka. GROMACS, programu ya kuigiza mwendo wa molekuli, hutaja namba ya atomu yenye nguvu kubwa kuliko zote. Usikimbilie kuongeza hatua za kupunguza nishati. Fungua faili, nenda kwenye atomu hiyo, tazama pete zilizo karibu. Modeli yenye pete iliyopenywa haiponi. Itupe, chukua nyingine.

Modeli mia moja, na kila moja ina njia yake

Urefu ndio unaoamua. Mwaka 2000 Fiser, Do na Sali walipima njia ya vitanzi iliyomo kwenye MODELLER. Kwa vitanzi vya asidi amino nne, vyote vilipatikana kwa kosa lililo chini ya angstromu 2. Kwa vya nane, asilimia 90. Kwa vya kumi na mbili, asilimia 30. Na hiyo ilikuwa kwa majaribio 500 kwa kila kitanzi, siyo matano. Basi ukiwa na pengo la asidi amino nane na umejenga modeli tano, hujafanya kazi bado. Jenga angalau mia, na mia tano ikiwezekana. Iache kompyuta ifanye usiku.

Kisha chukua kumi zenye alama bora za DOPE (kipimo cha MODELLER cha ubora wa modeli; ya chini zaidi ndiyo bora) na uzipime zenyewe kwa zenyewe, baada ya kuzilaza juu ya protini nzima, si juu ya kitanzi. Zikikubaliana ndani ya angstromu 2 kwa uti wa mgongo, una jibu linalostahili kuendelea nalo. Zikiwa zimetawanyika kama matawi, ama hujatafuta vya kutosha, ama kitanzi hicho kweli hakina umbo moja. Alama za DOPE zifananishe kati ya modeli za protini moja yenye urefu uleule. Ukizilinganisha kati ya protini mbili hazisemi kitu.

Pengo la asidi amino hamsini, kama lile linaloweza kukukuta kati ya vikoa viwili vya DHFR-TS, halijengwi kwa njia hii. Kama liko mbali na mahali pa kazi, liache wazi, funika ncha zake mbili kwa ACE na NME (vifuniko vidogo visivyo na chaji) ili zisibaki na chaji ya uongo, na uendelee. Huo si uvivu. Kipande cha hamsini kilichobuniwa kitaelea kwenye mwigo na kugusa visivyoguswa.

Kipande cha AlphaFold hakiungani na fuwele

Kwa kitanzi kirefu watu wengi sasa wanachukua utabiri wa AlphaFold, mfumo unaotabiri umbo la protini kutoka mfuatano wake, na kupandikiza sehemu inayokosekana. Huhitaji kusimika mfumo mzima: hifadhidata kamili ya AlphaFold 2 ni kama GB 556 za kushusha na TB 2.62 ikifunguliwa, na hakuna bando la kuvumilia hilo. Shusha modeli moja kwa namba yake ya UniProt, au tumia ColabFold, inayoendesha AlphaFold mtandaoni.

Kosa la kawaida ni kulaza modeli juu ya fuwele kwa protini nzima. Kikoa kimoja kikiwa kimegeuka nyuzi chache tu, nguzo zinaachana angstromu mbili au tatu, na kifungo kinavunjika. Laza kwa asidi amino nne au tano za kila upande wa pengo, kata, pandikiza, kisha punguza nishati ya kitanzi na nguzo zake.

Soma pLDDT, alama ya uhakika ya AlphaFold kwa kila asidi amino (0 hadi 100), kabla hujaamini umbo. Juu ya 90 ni imara sana, 70 hadi 90 ni nzuri, 50 hadi 70 ni ya mashaka, na chini ya 50 ni utepe usio na maana ya umbo. Mara nyingi ni ishara kwamba kipande hicho hakitulii hata kwenye seli. Thamani hizo zimewekwa kwenye safu ya B-faktari, na mwelekeo wake ni kinyume: B-faktari kubwa ni mashaka, pLDDT kubwa ni uhakika. Ukichanganya faili mbili na kupaka rangi, sehemu mbovu itang'aa kama nzuri.

pdb2gmx inalalamika

Hiki ni chombo cha GROMACS kinachoandaa faili la PDB kwa mwigo. Ikisema asidi amino fulani imepungukiwa atomu, rudi kwenye REMARK 470. Ikionya juu ya kifungo kirefu, bado kuna pengo, au kitanzi hakikufunga: kifungo cha C na N kinatakiwa kiwe angstromu 1.33. Onyo hilo halisimamishi kazi, kwa hiyo lisome. Ukilipita, mwigo utavuta ncha mbili kwa nguvu ya ajabu na kubomoa jirani zake.

Kabla ya hapo pitisha modeli kwenye MolProbity, chombo cha kukagua ubora wa muundo. Tazama chati ya Ramachandran (ya pembe za uti wa mgongo) kwa asidi amino za kitanzi zenyewe, siyo asilimia ya protini nzima, kwani nane mbovu zinamezwa na mia mbili nzuri. Tafuta vifungo vya peptidi vilivyogeuka kuwa cis, badala ya trans ya kawaida. Kwa prolini hiyo hutokea kama mara 5 kwa 100, lakini kwa asidi amino nyingine ni kama mara 3 kwa 10,000, hivyo ukiiona kwenye kitanzi ulichojenga wewe, ichukulie ni kosa.

Katika mwigo, kaza kila kitu isipokuwa kitanzi kwa kJ/mol 1000 kwa nanomita mraba, acha kitanzi kitulie, halafu legeza polepole. Na umeme ukikatika, mdrun, amri ya GROMACS inayoendesha mwigo, huhifadhi hali yake kila dakika 15. Endelea kwa -cpi badala ya kuanza upya. Radi zikiwa za mfululizo, punguza muda huo kwa -cpt 5.

Faili linapotoka mikononi mwako, andika juu yake ni zipi zilizojengwa:

REMARK 999 ASIDI AMINO 142-149 MNYORORO A ZIMEJENGWA, HAZIKUONEKANA

GROMACS itaufuta mstari huo katika hatua ya kwanza, kwa hiyo weka taarifa hiyo hata kwenye jina la faili: dhfr_A_142-149_imejengwa.pdb. Anayepachika dawa asije akahesabu mgusano na asidi amino ya 145 kama kitu kilichoonekana kwenye fuwele.